Kamba ya Kishikwambi

Bundala hakuwahi kuuziwa ng'ombe mbovu. Dutwa nzima walilijua hilo. Mtu akitaka kwenda mnadani kununua, kwanza alipita kwa Bundala kumwomba akamtazamie, naye Bundala alivaa koti lake la kahawia, hata jua liwake namna gani, wakaenda. Alimfungua ng'ombe mdomo akahesabu meno. Alimvuta ngozi ya shingo aone kama inarudi upesi au inakawia. Alimtembeza, akamsimamisha, akamsikiliza anavyopumua. Mwisho alimgeukia mwenye ng'ombe na maswali matatu tu: umempata wapi, kwa nini unamuuza, na kamba utaondoka nayo?

Hilo la tatu ndilo alilolishika kuliko yote. Kwao Bundala, tangu kwa babu yake, ng'ombe huuzwa, kamba haiuzwi. Aliyeuza hufungua kamba yake mwenyewe mbele ya mnunuzi, akaikunja, akarudi nayo nyumbani, ili mnyama asiendelee kumsikia mtu wa kwanza. Ni ng'ombe wa marehemu peke yake aliyeuzwa na kamba yake shingoni, kwa sababu mkono wa kuifungua umeshazikwa.

Basi mwezi huo wa kumi, Bundala wa watu akatakiwa kutazama mnyama asiye na meno wala mkia.

Ilianza kwa karatasi aliyorudi nayo binti yake, Nyamizi, kutoka ofisi ya kata. Kulikuwa na kampuni imepewa kazi ya kusajili wakulima wa pamba, nyumba kwa nyumba, na ilitaka vijana kumi na wawili. Siku arobaini na tano, elfu ishirini na tano kwa siku, malipo ya kwanza baada ya wiki mbili. Nyamizi alikuwa na kidato cha nne na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu, na jina lake lilikuwa limeshasomwa, la tano kutoka juu. Lilibaki jambo moja lililoandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo: kila mmoja aje na kishikwambi chake, Jumatatu saa mbili asubuhi. Asiye nacho, anaitwa anayefuata.

Kipya kilikuwa laki nane. Kilichotumika, chenye nafasi ya kutosha kwa kazi ile, kilikuwa laki nne na nusu, labda na kidogo juu. Nyumba ile haikuwa na laki moja. Ilikuwa na maksai wawili wa kulimia, Dereva na Konda, waliofundishwa pamoja tangu ndama na kufungwa nira moja miaka sita.

Benedikta, mke wa Bundala, aliuliza mara moja tu. Alisema Dereva atalima na nani mvua zikija. Bundala akamjibu kwamba siku arobaini na tano si mwaka, kwamba malipo ya kwanza yakitoka watanunua mwingine, na mvua zenyewe siku hizi zinachelewa. Benedikta aliinama akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Konda akaenda mnadani Alhamisi. Ng'ombe wa kiangazi amekonda, hata mwenye jicho la Bundala hawezi kumnenepesha kwa maneno, na wanunuzi walimzunguka wakimbonyeza mbavu kama Bundala alivyozoea kuwabonyeza wa wenzake. Akatoka kwa laki tano na ishirini. Bundala akafungua kamba, akaikunja, akarudi nayo mkononi.

Jioni hiyo Bibi Kabula, mama yake Bundala, alikuwa ameketi kwenye ngozi yake nje ya jiko, akatega kitendawili kama alivyofanya kila siku wakati wa kuchambua dagaa.

"Wawili wamevaa shati moja na hawagombani."

Nyamizi alicheka akajibu upesi, "Maksai na nira yao." Halafu wote wawili wakatazama zizini. Dereva alikuwa amesimama upande wake wa kulia, karibu na ukuta wa miti, ameacha nafasi ya mwenzake.

*

Jumamosi asubuhi baba na binti wakapanda gari la Bariadi. Muuzaji walimpata kwa Lucy, rafiki yake Nyamizi wa shule, ambaye naye alikuwa kwenye orodha ya wale kumi na wawili. Alikuwa ameona tangazo kwenye kundi la simu. Wakakutana na muuzaji huyo nyuma ya stendi, kwenye mkahawa wenye meza mbili, pembeni ya kibanda cha fundi simu.

Aliitwa Luhende. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa vumbi. Alisimama kabla hawajafika, akainama kidogo.

"Mwangaluka, baba."

Bundala akaitikia kwa Kisukuma, na moyo wake ukalegea. Mtu anayekusalimia kwa lugha ya kwenu mjini, ukifika pale umeshampa robo ya pesa.

Kishikwambi kilikuwa ndani ya boksi lake. Bundala alikitoa yeye mwenyewe. Alikigeuza mgongoni, akapitisha kidole gumba kwenye kona zote nne, kwenye kona moja akasimama. Akauliza pamegongwa na nini. Luhende akasema kilianguka mara moja, sakafuni, na Bundala akaridhika kwa sababu mtu anayekiri kovu dogo hafichi kubwa. Hivyo ndivyo alivyowajua watu wa ng'ombe.

Kisha akampa Nyamizi. Binti alikuwa ameandika kwenye kikaratasi mambo ya kutazama, akaanza nayo moja moja. Alipiga picha ya mbele na ya nyuma. Alifungua muziki, akasikiliza spika. Alichora mistari kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo, aone kama kuna sehemu ya kioo iliyokufa. Alikichomeka kwenye umeme wa mkahawa, chaji ikapanda. Alifungua ramani, na kidoa cha buluu kikaangukia Bariadi, nyuma ya stendi, pale pale walipoketi. Bundala akainama akakitazama kidoa kile muda mrefu. Halafu Nyamizi akakitafuta kitambulisho cha kifaa, akalinganisha namba na zile za boksini, tarakimu kwa tarakimu, baba yake akifuatisha kwa kidole.

"Hiyo ni chapa yake," Bundala alisema.

"Ndiyo, baba. Kama kimeibwa namba hazifanani."

Zilifanana. Bundala akaomba sasa kitembezwe. Luhende hakuelewa, Nyamizi akamfafanulia kwamba mzee anataka kifanye kazi kidogo tuone. Wakawasha video ya ngoma, ikacheza robo saa nzima, na muda wote huo Bundala alikuwa ameweka kiganja chini yake, kama anavyomshika ndama tumboni.

"Hana homa," akasema.

Mwenye mkahawa alicheka, Luhende naye akacheka, na Bundala hakukasirika. Kitu kingine kilichompendeza ni kwamba kishikwambi hakikuwa na kufuli. Ukikigusa kinaamka, ukikitelezesha kinafunguka, mtu yeyote. Luhende akasema watoto walikuwa wanachezea. Bundala akatikisa kichwa kwa furaha. Mpole huyu.

Ndipo akavua kofia akaiweka mezani na kuanza maswali yake.

La kwanza, umekipata wapi. Luhende akasema kilinunuliwa dukani Mwanza, risiti hii hapa, na ilikuwa kweli, ila wino ulikuwa umefifia na jina halisomeki. La pili, kwa nini unakiuza. Luhende alitazama viatu vyake.

"Shida za nyumbani, baba."

Nalo hilo halikuwa uongo. Lakini kishikwambi kilikuwa cha kaka yake, Kasmiri, mwalimu, aliyefariki mwezi wa pili. Kilikaa kabatini miezi minane, mpaka mjane alipomwita shemeji yake akamwambia akiuze, watoto wanne hawana mahindi. Luhende alishapata wanunuzi wawili kabla ya Bundala. Wote wawili aliwaambia ukweli. Wa kwanza alikirudisha mezani kama kimemuunguza. Wa pili alisema atakwenda kuomba ushauri, na simu yake haikupatikana tena. Kwa hiyo huyu wa tatu, Luhende alikuwa ameamua, hataambiwa.

"Na kamba?" Bundala akauliza.

Luhende akamtazama Nyamizi. Nyamizi akaeleza kwa aibu kidogo kwamba baba anataka kila kitu chako kitoke humo ndani, picha, majina, vyote, kabla hatujakupa pesa. Kisha akamgeukia baba yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda wakichukue hivi hivi, yeye atafuta mwenyewe nyumbani, polepole.

"Mwanangu," Bundala akasema, "kamba haifunguliwi na mnunuzi."

Kulikuwa na watu mezani pale pembeni. Nyamizi alikumbuka kwamba chuoni mwalimu aliwahi kusema jambo kuhusu kifaa na akaunti ya mwenye nacho, siku ambayo umeme ulikatika katikati ya somo. Alitaka kulivuta lile neno lije lote. Lakini mbele yake alikuwa ameketi mtu aliyemuuza Konda kwa ajili yake, naye hakuweza kumbishia mbele za watu.

Luhende hakujua kufuta. Akakipeleka kwenye dirisha la kile kibanda, kwa fundi aitwaye Mayige, wakamfuata. Mayige alikuwa na simu tano zimefunguliwa matumbo mbele yake na redio sikioni. Akakishika, akauliza bila kuinua kichwa, "Akaunti yake unaikumbuka?"

Luhende aliona kwa pembeni ya jicho mkono wa Bundala ukiwa umeshaingia mfuko wa ndani wa koti.

"Naikumbuka."

Mayige akakizima, akabana vitufe viwili vya ubavuni kwa pamoja, akasubiri, akabonyeza, akasubiri tena. Malipo yake elfu mbili. Kioo kikawa cheusi muda mrefu, kisha kikawa cheupe, na neno la kukaribisha likaanza kupita kwa lugha moja baada ya nyingine. Bundala akasema kimekuwa kama ndama aliyezaliwa leo.

Akahesabu laki nne na themanini. Wakaandikiana karatasi, majina, tarehe, Mayige akaweka sahihi ya shahidi. Gari la Dutwa lilikuwa linapiga honi, na Nyamizi hakuwa na bando kwenye simu yake. Wakaona watakimalizia nyumbani.

*

Bibi Kabula alikuwa amenawa mikono akimngojea mgeni. Aliomba apewe kwanza yeye. Akakipakata kwenye kanga safi, akatega kitendawili hapo hapo, "Shamba langu halina udongo, ila mjukuu wangu atavuna." Benedikta alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Nyamizi alinunua bando dukani kwa jirani, akawasha. Akachagua Kiswahili. Akaunganisha na simu yake. Kikazunguka, kikafikiri. Halafu yakaja maneno ambayo aliyasoma kimya, akayasoma tena, kisha akayasoma kwa sauti kwa sababu wote walikuwa wanamtazama mdomo: kifaa hiki kilifutwa, ili kuendelea weka akaunti iliyokuwa ikitumika kwenye kifaa hiki.

Akaweka yake. Kikaikataa. Akaiweka tena polepole, kila herufi. Kikaikataa tena kwa maneno yale yale, bila hasira.

"Anasemaje?" Bundala akauliza.

"Anauliza mwenyewe ni nani."

"Mwambie ni Bundala. Mwambie tumeandikiana."

Nyamizi aligeuza uso. Bundala akaifuata ile karatasi ya mauziano ndani, akaileta, akaifungua mikunjo yake, akaiweka kifudifudi juu ya kioo, kama inavyofanywa kwenye kizuizi cha barabarani askari anapotaka kibali cha mifugo. Ikakaa pale. Chini yake mwanga mweupe ukawa unaonekana kupitia karatasi, na jina lake Bundala likasomeka kwa kinyume.

Nyamizi ndipo akalikumbuka lote lile somo la umeme kukatika. Kingefutwa kwa utaratibu, akaunti ikatolewa kwanza na mwenyewe, kisingeuliza kitu. Na kisingefutwa kabisa, vile vile kisingeuliza kitu. Alilijua hilo sasa, na hakumwambia baba yake. Akampigia Luhende.

*

Luhende hakukimbia. Jumapili baada ya misa aliwakuta kwenye kibanda cha Mayige, Bundala, Benedikta na Nyamizi, na kabla hajaulizwa akavua kofia.

"Ni cha kaka yangu. Alifariki mwezi wa pili. Akaunti siijui."

Watu walikuwa wanapita wakitoka makanisani na nguo zao nzuri. Bundala alingoja mpaka Mayige akazima redio.

"Ungesema."

"Niliwaambia wawili, baba. Wakaondoka."

"Mimi ningekichukua na kamba yake," Bundala akasema. "Cha marehemu hakifunguliwi kamba. Nisingekwambia ufute. Ungesema tu neno moja."

Luhende hakuelewa yote, lakini alielewa kwamba safari hii ukweli ndio ungekifanya kinunuliwe, kikiwa kizima. Akafunika uso kwa kofia. Alipoulizwa habari ya pesa akasema zilikwenda jioni ile ile kwa shemeji yake anayeishi Lagangabilili, zikawa magunia ya mahindi na deni la duka, na mahindi yameshaingia ndani. Alitoa elfu kumi na tano iliyobaki, akaishika kwa mikono miwili. Bundala alitazama pembeni. Benedikta, ambaye hakuwa na jina la kulinda mnadani, akaipokea akaifunga kwenye ncha ya kanga.

Mayige alijaribu. Alikiunganisha na kompyuta yake, akabonyeza, akajikuna, akampigia mwenzake wa Shinyanga, akabonyeza tena. Zikapita saa mbili. Akasema vya zamani anavifungua kwa dakika kumi, hiki ni kipya, kimejifunza. Labda Mwanza. Wiki moja, elfu themanini, na haahidi.

"Kesho saa mbili," Nyamizi akasema.

Mayige akafikiri. Njia nyingine ilikuwa moja. Luhende akampigia mjane, naye akalikuta jina la akaunti kwenye daftari la marehemu, neno la siri ndilo halikuwepo. Ukisema umelisahau, wanatuma tarakimu kwa namba ya simu ya mwenyewe. Wakaomba, zikaenda, na kioo kikasema zimetumwa kwa namba inayoishia arobaini na sita. Luhende aliijua. Ilikuwa laini ya Kasmiri. Lakini laini isipotumika miezi hiyo yote hupewa mtu mwingine, na simu ilipopigwa ikapokelewa na mwanamke.

Alikuwa Masasi. Luhende akajieleza vibaya, haraka haraka, marehemu, kishikwambi, tarakimu sita. Mwanamke akakata. Akapiga tena, haikupokelewa. Bundala akanyoosha mkono, akaomba simu ya Nyamizi apige yeye.

Ikapokelewa.

"Mama, shikamoo," Bundala akasema, yeye mwenye miaka sitini na moja, kwa mtu ambaye sauti yake ilikuwa ya binti.

Alimweleza yote. Alimweleza habari ya Konda. Alimweleza na ya Jumatatu saa mbili. Wote walimsikia, na Mayige aliinamisha uso kwenye simu zake za matumbo wazi. Mwanamke wa Masasi alisikiliza mpaka mwisho, na alipojibu sauti yake haikuwa na ukali.

"Baba, mwaka jana nilimtajia mtu tarakimu kama hizi, akanimalizia pesa ya korosho yote. Naye alikuwa analia."

"Mimi silii, mama. Naomba."

"Sauti yako ni ya mtu mzima. Na mimi nina baba wa umri wako. Hii kazi uiache, baba, si ya umri huo."

Ikakatika. Alipopiga tena, alikuwa ameshafungiwa.

Bundala akamrudishia Nyamizi simu. Nyuma ya kichwa cha Mayige, ukutani, palikuwa na karatasi aliyoibandika fundi mwenyewe, imeandikwa kwa kalamu nene: USIMTAJIE MTU YEYOTE NAMBA YA SIRI. Wote waliisoma. Benedikta ndiye aliyesema, kama anayesema na nafsi yake, kwamba yule mama amefanya sawa.

*

Jumatatu Nyamizi alikwenda hata hivyo. Alikibeba ndani ya boksi lake, kimejaa chaji. Msimamizi wa usajili alikuwa dada mmoja mwenye daftari na kalamu mbili, akamwambia akiwashe.

"Kinaomba akaunti ya mwenyewe, dada."

"Iweke."

"Mwenyewe ni marehemu."

Kijana mmoja nyuma ya mstari akasema basi kamlete marehemu aje asaini, na watu wakacheka, si kwa ubaya sana, kama watu wanavyocheka asubuhi wakiwa na kazi. Msimamizi hakucheka. Alimruhusu asubiri mpaka saa nne, pengine ataazima kwa mtu. Nyamizi alikaa kwenye benchi, boksi magotini. Hakuna mtu Dutwa ambaye kishikwambi chake kilikuwa hakina kazi asubuhi ile. Saa nne na robo likasomwa jina la kumi na tatu.

Aliporudi nyumbani hakuulizwa. Mama yake alimwekea uji. Baba yake alikuwa ameketi juu ya nira, zizini, mgongo kwa nyumba.

Siku zilizofuata Bibi Kabula ndiye aliyekitunza kishikwambi. Alikiomba kwa sababu wengine hawakutaka kukiona. Alikifuta vumbi kwa kanga, akamwambia Nyamizi akiwashe, na kila kilipowaka kikauliza lile lile. Bibi alikuwa hajasoma zaidi ya darasa la nne, lakini maneno yale alikuwa ameshayajua kwa moyo. Akasema hiki ni kitendawili tu, na kitendawili ukishindwa unatoa mji, mwenye kutega anakupa jibu. Hivyo ndivyo ilivyo tangu zamani.

"Nakupa Dutwa," akakiambia.

Kikakaa.

"Nakupa Lagangabilili. Haya, na Maswa nakupa, na Shishiyu yenye ng'ombe wake." Alikuwa anasema taratibu, kama anayembembeleza mtoto mkaidi ale. "Bariadi yote. Na Mwanza, na ziwa lake. Sasa nikupe nini? Nimebaki na hapa nilipokaa."

Nyamizi, aliyekuwa anachambua mchicha, akasema, "Bibi, huyo hapokei miji."

Bibi akakiangalia mpaka chaji ikaisha, kikazimika chenyewe kwenye mapaja yake.

*

Mvua hazikuchelewa. Zilikuja wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja, na Dutwa yote zikasikika sauti za watu wakiwaita maksai kwa majina. Bundala aliomba kuazima ng'ombe mmoja kwa jirani, kisha kwa mwingine, na wote walimjibu vizuri, kwamba wakimaliza. Alijaribu kumfunga Dereva peke yake. Dereva alisimama upande wake wa kulia, nira ikaning'inia kushoto mpaka chini, na plau ikachora kama mtu anayekuna mguu. Basi Bundala, Benedikta na Nyamizi wakachukua majembe ya mkono.

Hakuwa akiitwa tena mnadani. Si kwamba watu walimdharau. Kuna mmoja tu aliyemtania dukani, mzee twende ukanitazamie simu kama ina homa, na wengine wakamnyamazisha. Aliyekuja kumwomba kweli, Bundala alimwambia macho yamechoka.

Siku ya kumi ya kulima, Lucy akaja. Alikuwa na kizibao cha kampuni na kishikwambi kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Alimsalimia Bundala kwa kupiga goti, akamsalimia Nyamizi kwa macho tu, kwa sababu hakujua amwambie nini. Kitongoji kile alikuwa amepangiwa yeye. Akasema ni maswali machache, baba, ya wakulima wote wa pamba.

Bundala akafuta mikono kwenye suruali, akaketi kwenye jiwe. Nyamizi akaendelea kulima, hatua tano kutoka pale, akisikia kila neno.

Jina. Umri. Ekari za pamba mwaka jana. Ekari za mwaka huu. Bundala aliposema moja, Lucy akatazama shamba, akaandika moja.

"Una jozi ngapi za maksai?"

"Ninaye mmoja."

Lucy akabonyeza, akarudi nyuma, akabonyeza tena. "Kinataka jozi, baba. Mmoja hakina pa kumweka. Ni jozi moja, mbili, au hakuna."

Jembe la Nyamizi likasimama.

Bundala alitazama zizini, alikosimama Dereva peke yake upande wa kulia.

"Andika hakuna," akasema.

Lucy akaandika. Akamgeuzia kioo, akamwomba aguse pale chini ili akubali kwamba yote ni kweli. Bundala akakinyoosha kidole chenye udongo, akasita kidogo, akagusa. Kikakubali mara moja.